Ukuta una ngozi, mama hana: kutibu msimbo wa kutafuta pikseli za ngozi

Mwezi wa saba tulipewa kazi ya vitambulisho vya kikundi cha wakulima upande wa Rungwe. Picha zilipigwa nje, asubuhi, mbele ya ghala la matofali ya kuchoma. Sisi huku Mwanjelwa, Mbeya, kazi yetu ilikuwa kukata kila picha ili uso ukae katikati ya kadi. Nikajisemea, nikate moja moja kwa mkono ya nini? Nitaandika programu itafute ngozi kwa rangi, ichore kisanduku, imalize.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, kajifunga kitenge, kasimama wima kama anayeapishwa. Nikaendesha msimbo. Ikatoka maski: ukuta mweupe wote, ardhi nyeupe, na pale alipokuwa mama pana shimo jeusi lenye umbo la mtu. Kijana ninayefanya naye kazi akachungulia skrini.

"Kaka, hii imetafuta kila kitu isipokuwa ilichotumwa."

Alikuwa sahihi. Yafuatayo ni dalili nilizokutana nazo tangu usiku ule, pamoja na chanzo cha kila moja. Natumia lugha ya Python na OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, lakini hesabu ni zile zile hata ukitumia kitu kingine. Kwa asiyezoea: maski ni picha ya rangi mbili tu. Pikseli (nukta moja ya picha) iliyopita kwenye vizingiti vyako (mipaka ya namba unayoweka) inakuwa nyeupe, yaani 255, na iliyokataliwa inakuwa nyeusi, yaani 0.

Kwanza soma namba, usiguse vizingiti

Kosa la wengi, na mimi nimo, ni kuanza kuongeza na kupunguza namba kwa kubahatisha mpaka maski ipendeze kwenye picha moja. Ukihamia picha ya pili inaharibika, unaanza upya. Badala yake andika kipande hiki kidogo, kisha bonyeza shavu, paji la uso, ukuta na ardhi, usome kompyuta inaona nini hasa:

```python
import cv2, numpy as np

picha = cv2.imread("mama01.jpg")
ycc = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2YCrCb)
hsv = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2HSV)

def bonyeza(tukio, x, y, *_):
    if tukio == cv2.EVENT_LBUTTONDOWN:
        print("BGR", picha[y, x], "YCrCb", ycc[y, x], "HSV", hsv[y, x])

cv2.namedWindow("picha", cv2.WINDOW_NORMAL)
cv2.imshow("picha", picha)
cv2.setMouseCallback("picha", bonyeza)
cv2.waitKey(0)
```

Angalia vizuri: ni `picha[y, x]`, mstari kwanza halafu safu. Ukigeuza utasoma pikseli ya mahali pengine kabisa na utaapa kwamba kamera imerogwa.

Kwenye picha ya mama nilipata namba tatu ambazo nitazirudia mara nyingi hapa chini. Shavu: nyekundu 88, kijani 58, bluu 44. Kivuli chini ya kilemba: 52, 38, 33. Ardhi pembeni ya miguu yake: 150, 85, 58. Ziandike kwenye karatasi. Karibu maradhi yote yanajieleza kwa namba hizo tatu.

Dalili: programu inakata kabla ya kuanza

Ujumbe wa kosa unataja `cvtColor` na `!_src.empty()`. Hapa hakuna suala la rangi. `imread` haikupata faili, na badala ya kusimamisha programu ikakurudishia `None` tu. Angalia njia ya folda na herufi za jina la faili. Kama picha imetoka kwenye iPhone, hakikisha si HEIC, kwa sababu `imread` ya kawaida haiisomi. Weka `assert picha is not None` chini ya mstari wa kusoma, songa mbele.

Dalili: anga ni ngozi, watu si ngozi

Hii ni ya mpangilio wa chaneli, yaani zile namba tatu za rangi za kila pikseli, na inakuja kwa sura tatu.

Sura ya kwanza: OpenCV inasoma picha kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu. Maktaba nyingine, kama Pillow, zinaanza na nyekundu. Ukisoma picha kwa Pillow kisha ukaipitisha kwenye `COLOR_BGR2YCrCb`, nyekundu na bluu zimebadilishana viti. Shavu la mama linahesabiwa kana kwamba ni 44, 58, 88, yaani la bluu, na anga la bluu linahesabiwa kama kahawia hafifu. Ndipo unapopata mbingu yenye ngozi.

Sura ya pili ni ya hila zaidi. Katika YCrCb, Y ni mwangaza, Cr ni kiasi cha wekundu na Cb ni kiasi cha ubluu, na OpenCV inapanga Y, kisha Cr, kisha Cb. Maandiko mengi yanaandika Cb kwanza. Ukinakili vizingiti kwa mpangilio wa kitabu, umeweka mipaka ya bluu kwenye nyekundu na ya nyekundu kwenye bluu. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Maski tu ndiyo itakuwa upuuzi.

Sura ya tatu: katika HSV, H ni aina ya rangi, S ni ukolezi wake na V ni mwangaza. Kwenye vitabu H inazunguka duara la nyuzi 360. OpenCV inagawa kwa mbili ili ienee kwenye biti 8 (namba 0 hadi 255), kwa hiyo H yake inaishia 179. Ukiandika 0 hadi 50 ukidhani ni nyuzi, kwa kweli umesema 0 hadi 100, na hapo umekaribisha njano na kijani chenye unjano. Shamba zima la chai litaitika.

Dalili: mweupe anaonekana, maji ya kunde anaonekana nusu, mweusi haonekani kabisa

Hii ndiyo iliyonipeleka usiku wa manane. Kanuni niliyoanza nayo inazunguka sana mtandaoni. Ilitolewa mwaka 2003 na watafiti wa Slovenia, Kovač, Peer na Solina. Inasema pikseli ni ngozi kama nyekundu inazidi 95, kijani inazidi 40, bluu inazidi 20, tofauti ya chaneli kubwa na ndogo inazidi 15, nyekundu na kijani zinapishana kwa zaidi ya 15, na nyekundu iko juu ya kijani na bluu. Wenyewe walieleza kuwa ni kwa mwanga wa mchana uliosambaa sawasawa. Wanaonakili huwa wanaacha maelezo hayo nyuma.

Sasa chukua shavu la mama. Nyekundu yake ni 88. Imekataliwa kwenye sharti la kwanza kabisa, kabla hata ya kuulizwa lingine. Kivuli chini ya kilemba kimekataliwa mara tatu: nyekundu ni 52, kijani ni 38, na nyekundu na kijani zinapishana kwa 14 tu. Halafu pima ardhi: 150, 85, 58. Imepita masharti yote bila kutetereka. Ukuta una ngozi, mama hana. Msimbo haukukosea popote, ulitii kanuni neno kwa neno.

Tatizo ni kwamba lile sharti la 95 halipimi rangi ya ngozi, linapima mwanga uliorudi kwenye kamera. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo zaidi, na simu nayo inachangia: ikiona anga jeupe la asubuhi nyuma ya mtu, inapunguza mwanga wa picha nzima ili anga lisiungue, na uso unazama. Kwa hiyo dawa ya kwanza haiko kwenye msimbo. Mpige mtu kivulini akiutazama upande wenye mwanga, gusa uso wake kwenye skrini ya simu ili kamera ipime pale, ndipo ubonyeze. Picha zetu za awamu ya pili zilipona nusu kwa hilo peke yake.

Dawa ya pili ni kuhama kwenda YCrCb, ambako mwangaza umetengwa kwenye Y na unaweza kuuacha huru. Hesabu yake si siri:

Y = 0.299R + 0.587G + 0.114B
Cr = (R − Y) × 0.713 + 128
Cb = (B − Y) × 0.564 + 128

Shavu la mama: Y ni 65, Cr 144, Cb 116. Mipaka inayotumika sana ni ya watafiti Chai na Ngan, 1999, waliokuwa wakitafuta nyuso kwa ajili ya simu za video: Cr kati ya 133 na 173, Cb kati ya 77 na 127. Shavu limeingia vizuri. Kivuli cha kilemba kinatoa Cr 135 na Cb 123, nacho kimeingia, ingawa kwa ukucha.

```python
maski = cv2.inRange(ycc, (0, 133, 77), (255, 173, 127))
```

Usidhani umemaliza. Jinsi pikseli inavyozidi kuwa na giza ndivyo Cr na Cb zinavyokimbilia 128, yaani kijivu. Pikseli ya 40, 32, 30, ambayo ni ngozi halali chini ya kofia ya mzee yeyote wa Kitulo, inatoa Cr 132. Imebaki nje kwa namba moja. Unaweza kushusha mpaka hadi 130, lakini ukumbuke kwamba kila kitu cha kijivu kinakaa kwenye 128, na chenga kidogo tu za kamera zitakisukuma kuvuka. Sweta la kijivu likaanza kumetameta kwenye maski yangu kama televisheni isiyo na antena. Mimi huishia 131, na kwa nyuso zilizozama zaidi ya hapo naomba picha ipigwe upya. Hakuna kizingiti cha kurudisha rangi ambayo kamera haikuirekodi.

Dalili: majani ya chai yamekuwa ngozi

Hili lilinipata nikiwa bado ninaibembeleza ile kanuni ya kwanza. Nilifuta sharti la 95 ili mama apite. Halafu nikajiona mjanja: kama nyekundu inaizidi kijani kwa 15, basi bila shaka nyekundu iko juu ya kijani, masharti mawili ya nini? Nikayafupisha kuwa `R - G > 15`. Kihesabu niko sahihi. Kikompyuta nimejichimbia kaburi.

Picha imehifadhiwa kwa namba za biti 8, kuanzia 0 hadi 255, na hazijui hasi. Jani la chai lenye nyekundu 70 na kijani 110 linapaswa kutoa −40. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inazungusha inatoa 216. Na 216 inazidi 15, kwa hiyo karibu ndani, ewe jani. Kuweka `np.abs` hakusaidii, maana kufikia hapo hasi imeshapotea. Badilisha aina ya namba kabla ya kutoa:

```python
B, G, R = [c.astype(np.int16) for c in cv2.split(picha)]
```

Ukiona mimea imeingia kwenye maski na namba zako kwenye karatasi zinakataa, kagua hapa kabla ya kugusa kitu kingine.

Dalili: ardhi, matofali, vikapu na kitenge vyote ni ngozi

Huku kwetu hii ndiyo dalili mama. Rudi kwenye ardhi ya Rungwe: 150, 85, 58. Cr yake ni 163, Cb 104. Iko ndani kabisa ya kisanduku cha Chai na Ngan, tena si pembeni. Ukienda HSV, H ya ardhi ni 9 na ya shavu la mama ni 10. Tofali la kuchoma ni udongo ule ule uliopita motoni. Vikapu vya Iringa vya milulu vinaangukia jirani hapo hapo, na kitenge chenye rangi ya chungwa iliyopauka hakikosekani kwenye kundi lolote la akina mama.

Nilipoteza siku mbili nikitafuta namba ya kutenganisha ardhi na uso. Haipo. Kama vitu viwili vina rangi moja, kizingiti cha rangi hakiwezi kuvitenganisha, hata ukihamia Lab au mfumo mwingine wowote wa rangi. Ukijikuta umebana mipaka mpaka ukuta umetoka, hesabu ni watu wangapi wametoka nao.

Kama picha bado hazijapigwa, tundika kitambaa cha bluu nyuma ya mtu. Nasema kwa uzito wote: shuka la bluu la dukani limenisaidia kuliko kila nilichosoma. Kamba moja kati ya nguzo mbili, watu wanapita mmoja mmoja, kwisha.

Kama picha zimeshapigwa, ruhusu kitu kingine kitafute uso kwanza, halafu rangi ifanye kazi ndani ya eneo dogo. OpenCV inakuja na kitambuzi cha Haar, kazi ya Viola na Jones ya mwaka 2001, ambacho hakitazami rangi kabisa bali mpangilio wa giza na mwanga. Ni chepesi, ila uso mweusi kwenye kivuli hukipita. Kipya zaidi ni YuNet, kinachoitwa kwa `cv2.FaceDetectorYN`. Unatakiwa upakue faili lake la modeli peke yake, lakini kwa picha zetu kilishika nyuso ambazo Haar ilizipita kama haijaziona.

Ukishapata kisanduku cha uso, usitumie tena namba za mtu mwingine. Mchukue mtu huyu huyu, kwenye picha hii hii, upime mashavu na pua yake, uweke mipaka kutokana na hapo:

```python
def mipaka_ya_uso(ycc, x, y, w, h):
    sampuli = ycc[y + h//2 : y + 3*h//4,
                  x + w//4 : x + 3*w//4, 1:3].reshape(-1, 2)
    chini = np.percentile(sampuli, 5, axis=0) - 4
    juu = np.percentile(sampuli, 95, axis=0) + 4
    return (0, *chini), (255, *juu)

maski = cv2.inRange(ycc, *mipaka_ya_uso(ycc, x, y, w, h))
```

Nimechukua asilimia 5 hadi 95, si namba ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa sababu ndani ya kisanduku cha uso kuna mianya ya pua, midomo na pengine ndevu. Ile 4 ya kuongeza kila upande niliipata kwa kujaribu. Kisha futa kila kilicho mbali na uso. Kwa kitambulisho, nafasi ya upana wa uso mmoja kila upande inatosha. Ardhi iliyo miguuni itaendelea kuwa na rangi ya ngozi, ila haitakuwa na nafasi ya kusema.

Upande wa mikono ni mgumu zaidi. Rafiki yangu wa Mufindi anataka kuhesabu mikono ya wachuma chai kwenye video, na huko hakuna uso wa kuanzia. Nilimwambia atumie kinachotembea, yaani tofauti ya fremu moja na inayofuata, pamoja na rangi. Udongo hautembei. Kikapu mgongoni kinatembea, na hapo bado anapambana.

Dalili: asubuhi inafanya kazi, jioni imegoma

Simu inajirekebishia uwiano wa weupe (white balance) yenyewe, picha hadi picha. Mtu yule yule akipigwa chini ya jua la saa nne, kisha chini ya ukungu wa Uporoto, kisha ndani chini ya taa ya njano, ana ngozi tatu tofauti kwa macho ya kompyuta. Ukiona Cr na Cb za uso zimehama zote pamoja, na za kitu cheupe kama kola ya shati nazo zimehama upande ule ule, jua ni mwanga umebadilika, mtu ni yule yule.

Ushauri utakaokutana nao ni mbinu ya wastani wa kijivu: chukulia kwamba rangi za picha nzima zikichanganywa zinatoa kijivu, kisha vuta kila chaneli mpaka wastani zilingane. Kwa picha ya mtaa wenye magari, mabango na miti, sawa. Kwa picha iliyojaa udongo mwekundu, angalia kinachotokea. Picha moja ya kwetu ilikuwa na wastani wa 150, 100, 75. Ili zilingane kwenye 108, nyekundu inazidishwa kwa 0.72, kijani kwa 1.08, bluu kwa 1.44. Chukua shavu la mama la 88, 58, 44, uzidishe. Unapata 63, 63, 63. Kijivu kamili! Dawa imemgeuza mama kuwa zege. Mbinu hii inaona wekundu wa udongo inadhani ni ugonjwa wa mwanga, inautibu, na ngozi inakwenda nao.

Tumia karatasi. A4 moja nyeupe mkononi mwa mtu wa kwanza kila mwanga unapobadilika, basi:

```python
karatasi = picha[y1:y2, x1:x2].reshape(-1, 3).mean(axis=0)
picha = np.clip(picha * (karatasi.mean() / karatasi), 0, 255).astype(np.uint8)
```

Karatasi isiwe imeungua. Kama chaneli yoyote imegota 255, uwiano unaoupata ni wa uongo. Na kipimo hicho kinafaa kwa picha zinazofuata ikiwa tu umefunga uwiano wa weupe kwenye kamera. Ukiiacha simu ijiamulie, itaugeuza tena nyuma ya mgongo wako.

Dalili: midomo na masikio vimeliwa, kwa wanaotumia HSV

Nyekundu imekaa pale duara linapoanzia na kuishia. Sehemu zenye damu karibu, kama midomo, zinaweza kuangukia H ya 175 wakati shavu liko 8. Kizingiti kimoja cha 0 hadi 20 kinaacha upande wa pili. Tengeneza maski mbili, 0 hadi 20 na 170 hadi 179, uziunganishe kwa `cv2.bitwise_or`. Weka pia kiwango cha chini cha S na V, kwa sababu pikseli inayokaribia nyeusi au kijivu haina aina ya rangi ya kueleweka, na H yake inarukaruka tu. Ndiyo maana koti jeusi la mtumba hujaa madoa meupe kwenye maski.

Dalili: matundu kwenye paji la uso na chenga kila mahali

Baridi ya Juni na Julai inaijua kila anayeishi huku. Hakuna anayetoka nyumbani bila kujipaka mafuta ya mgando, na uso uliopakwa unang'aa. Pale penye mng'ao kamera haioni ngozi, inaona mwanga wenyewe uliorudi, hivyo Cr inashuka kuelekea 128 na linabaki tundu. Usishushe mipaka kwa ajili ya tundu. Tafuta mzingo wa nje kwa `cv2.findContours` ukitumia `RETR_EXTERNAL`, kisha ujaze ndani kwa `cv2.drawContours` wenye unene wa −1. Macho na meno navyo vitajazwa, na kwa kukata picha hiyo ni faida.

Chenga ondoa kwa `MORPH_OPEN` kwanza, ndipo uzibe nyufa kwa `MORPH_CLOSE`. Ukianza na kuziba, chenga zinashikana mikono zinakuwa bonge. Ukubwa wa brashi ufuate uso, usiwe 5 ya kudumu: 5 kwenye picha ya upana wa pikseli 4000 haifanyi lolote, na kwenye picha ya 300 inakula masikio. Natumia `max(3, w//40 | 1)`, ambapo `w` ni upana wa uso.

Kama kingo za uso zina ukungu wa rangi uliomwagikia ukutani, uliza picha ilikujaje. Ikiwa ilitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imebanwa, na JPEG ya kawaida hupunguza maelezo ya rangi kuliko ya mwangaza. Cr na Cb zinahifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, nazo ndizo unazotegemea. Waambie watume kama faili.

Dalili: namba ni nzuri, watu wanalalamika

Nilichora kwa mkono maski za picha 20 kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikalinganisha na za programu. Kwa jumla pikseli nyingi sana zilikuwa sahihi, nikafurahi. Kijana akauliza, "Kwa nani?" Nikapiga hesabu upya kwa kila mtu peke yake: katika ngozi yake, ni sehemu gani imepatikana? Wengi walikuwa juu. Watatu walikuwa karibu na sifuri, wote weusi zaidi, wote wamevaa kofia, na jumla ilikuwa imewameza kimya. Tangu hapo sitazami wastani. Naipanga orodha kuanzia aliyepatikana vibaya zaidi na kufungua picha yake ya kwanza.

Wiki iliyopita wa kwanza kwenye orodha alikuwa mzee mwenye sweta la sufu la kahawia, shingo ndefu iliyofika kidevuni. Kitambuzi kilimpata, mipaka ilitoka kwenye shavu lake, na maski ikashuka kutoka usoni hadi kifuani bila kusita hata pikseli moja. Sweta Cr 145, shavu Cr 146. Nikafungua GIMP nikamkata kwa mkono, dakika mbili.